Kofi Ambalo Mshairi Hakupiga

Habari za kifo chake zilinifikia kwa redio, katika yale matangazo ya vifo ambayo watu wa huku huwanyamazisha hata watoto ili wayasikie vizuri. Mtangazaji alisema amefariki mwalimu mstaafu wa historia, nyumbani kwake karibu na Ahero, akataja wake, watoto na wakwe. Hakuitaja sinema. Nilimshukuru moyoni, kwa sababu marehemu aliwahi kuniambia kwamba ombi lake kubwa ni kufa akiwa mwalimu, si mume mkorofi. Lakini nyinyi wasomaji wangu wa Kisumu wa tangu zamani, najua hamtamkumbuka kwa somo la historia. Mtamkumbuka kwa kofi.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule, nieleze. Katika miaka ya themanini walikuja watu wa kutengeneza sinema, wakavutiwa na ndoa ya washairi wawili wa upande wa Kombewa, mume na mke, ambao mashairi yao yalikuwa yakisomwa redioni na ugomvi wao ukisomwa na majirani. Mume alikuwa ameshakufa. Mke alikuwa hai, na hai mpaka leo. Mwalimu wetu, aliyekuwa na sifa ya kuwafundisha wanafunzi maigizo na mwenye sauti ya kujaza uwanja, akapewa nafasi ya mume. Mtakumbuka ilivyokuwa: mke anasimama mezani kusoma shairi lake jipya, mume anainuka polepole, anamzaba kofi, na karatasi inaanguka chini. Siku sinema ilipoonyeshwa mjini, ukumbi ulilipuka. Akina mama walilitukana lile pazia jeupe kana kwamba lina masikio.

Tangu siku hiyo, mtu huyu mpole aliyekuwa hawezi hata kuchinja kuku alikosa raha. Nilikuwa naye sokoni siku moja alipomwinamia muuza samaki mmoja na kuuliza bei ya ngege. Mama yule alimkazia macho, kisha akavuta beseni lake nyuma.

"Si ni wewe ulipiga yule mama? Samaki hakuna."

"Mama, hiyo ilikuwa sinema tu," akasema Mwalimu, akicheka kidogo.

"Sinema haina mkono, Bwana. Mkono ilikuwa yako."

Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka tena. Alirudi nyumbani na sukuma wiki.

Baadaye akaniomba nimsindikize Kombewa kumsalimia yule mjane. Alibeba sukari na mkate, na njiani alionekana mchangamfu. Nadhani alitarajia kushukuriwa. Mama alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akamwita Japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima zote. Tulipomaliza chai ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba mume wake hakuwahi kumpiga hata siku moja.

"Alinisumbua, sikatai. Mimi nikianza kusoma shairi yangu, yeye anatoka anaenda kuangalia ng'ombe. Kila siku. Ng'ombe yenyewe imefungwa, haiendi mahali, lakini anaenda tu kuiangalia mpaka nimalize. Hiyo ndiyo iliniua. Niliwaambia watu wa sinema hivyo hivyo. Sasa watu wananipea pole ya kitu sikuumwa, na ile niliumwa hakuna mtu anajua."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa akijua. Alikuwapo wakati mwongozaji alipoisoma habari ya ng'ombe na kuuliza ni nani atalia kwa sababu mtu katoka kuangalia ng'ombe. Hapo ndipo kofi lilipobuniwa, na Mwalimu akalifanyia mazoezi. Sasa akateremka kitini, akapiga magoti, akaomba msamaha. Mama akaanza kukusanya vikombe.

"Mimi sina shida na wewe, Japuonj. Mwenye uliharibia jina amelala hapo nje. Mimi siwezi kusamehea mtu mwingine."

Tulitoka tukasimama kando ya lile kaburi lililosakafiwa kwa saruji, na mtu ambaye sauti yake ilijaza viwanja hakuweza kutoa neno. Ilinibidi nimshike mkono tuondoke.

Angeweza kuyaacha hapo. Wengi tungeyaacha. Lakini miaka ya tisini ilikuja na video, na kila senta ikawa na kibanda chake chenye jenereta na kiingilio mlangoni, na ile sinema ikafufuka, ikatembea mpaka Bondo. Mwalimu akaanza kuifuata. Akisikia itaonyeshwa mahali, anakwenda, anasimama mbele ya televisheni kabla haijawashwa, anasema: lile kofi ni uongo, marehemu hakumpiga mkewe, nisameheni. Na mnajua watu walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, wenye kibanda wamewaletea mwigizaji mwenyewe. Wakamwomba alirudie lile kofi kidogo tu, waone. Wenye vibanda wakaanza kumkaribisha, maana siku akija watu hujaa. Alipogundua hivyo aliacha, na nafikiri ndipo alipoanza kuzeeka.

Nimelifikiria sana jambo hili wiki hii, nalo linaniuma. Tunapenda kuambiwa habari za ndoa za watu, na tunapenda zaidi zikiwa na kofi, kwa sababu kofi linaonekana. Mtu anayetoka nje kila mara mke wake anapofungua kinywa haonyeshiki vizuri, na pengine wengi wetu ukumbini tungejitambua mno. Kofi lilituruhusu kumchukia mtu mwingine kwa raha zetu, kisha turudi nyumbani kwa amani. Waliolipia raha hiyo ni maiti asiyeweza kujibu, na mwalimu wa historia aliyemwazima mkono.

Jumamosi tulimzika. Wasemaji walikuwa wengi, kama kawaida ya huku, na mchana ulikuwa umekwenda sana nilipomwona mjane wa Kombewa akiongozwa mbele, amekonda, ameshika fimbo. Hakutuhutubia sisi. Aliligeukia jeneza.

"Japuonj, wewe hukunipiga. Na mume wangu hakunipiga. Uliniomba neno moja, nikakunyima, nikijua utakuja tena. Hukuja. Leo nimelileta mwenyewe. Nimekusamehe, nami unisamehe. Ukimkuta huko, mwambie nimesema mbele ya watu."

Nikadhani hatimaye imekwisha. Kisha mama mmoja aliyeketi karibu nami akatikisa kichwa kwa huruma, akamnong'onezea mwenzake: "Maskini. Wenye wamepigwa ndio huongea hivyo. Mpaka leo anamtetea."

Nikamgeukia. "Mama, hakumpiga."

"Kwani wewe ulikuwa huko?" akaniuliza.

Sikuwa huko. Nilikuwa ukumbini Kisumu, nimesimama juu ya kiti pamoja na wengine, nikimpigia Mwalimu kelele kwamba kofi moja halitoshi.