Shuka la Mama Yake

Mwera, upepo wetu wa kusini, ukianza kuvuma, ziwa linachafuka na manyunyu yanaficha ufuko wote. Kwetu, karibu na Lituhi, mwenye mtu wake majini anakwenda kwenye jiwe kubwa, anafunga shuka jeupe kwenye mti uliosimikwa pale, ili wanaorudi waone pa kuelekeza mtumbwi. Hata mtoto anajua.

Rafiki yangu alikuwa chotara. Mama yake Mnyasa wa palepale, baba yake Mzungu aliyeondoka kabla hajazaliwa, wala hakuna aliyejua alitoka nchi gani. Sisi tulimwita Mzungu wa Usipa, kwa sababu alikula usipa, vile vidagaa vya ziwani kwetu, kuliko sisi sote, na Kinyasa alitushinda. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nilimjengea nyumba na yeye akanijengea. Kuta zangu mpaka leo zina alama za vidole vyake.

Jirani yake wa upande wa pili alikuwa bwana afya, mtu wa bara aliyeletwa na serikali. Siku zile vita ya Msumbiji ilikuwa karibu, ndege za Mreno zilitutia hofu, na kila mkutano tuliambiwa tufungue macho. Bwana afya akayafungua kwelikweli.

Mama wa rafiki yangu alikuwa amekwenda kijiji cha Ngumbo kwa mtumbwi, kumwuguza binti yake. Asubuhi aliyotarajiwa kurudi, mwera ukaamka. Rafiki yangu akachukua shuka la kitanda cha mama yake, akalifunga pale juu ya jiwe, akabaki anapunga mkono. Kabla jua halijapanda, polisi wawili wakafika na baiskeli, bwana afya nyuma yao.

"Huyo hapo. Anawapa ishara Wareno."

"Ishara gani?" nikaropoka. "Mzee, mwera uliopita mimi nilifunga langu hapohapo ukanisalimia! Mbona hukuniita Mreno?"

"Wewe unajulikana."

"Na yeye je? Kuku wake wanalala kwako!"

Afande mmoja akanigeukia. "Kijana, huo mdomo utakulaza ndani."

"Basi nilaze, afande! Na mashuka ya kijiji kizima yakamateni, muyafunge pingu!"

Watu wakacheka. Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anatazama ziwa.

"Afande, nipelekeni popote," alisema, "ila shuka liacheni. Mama yuko majini."

Wakalifungua. Eti kidhibiti. Wakaondoka naye.

Nilikimbia nyumbani kuchukua shuka langu. Niliporudi, mtumbwi ulikuwa umeshapita, wala hatukujua. Tulikaa pale kutwa tukiungoja, na kila mtu aliyekuja nilimtukana, hata aliyeniletea uji. Kumbe mawimbi yaliutupa mbele huko, kwenye mawe, ukapasuka. Mama alitolewa mzima, lakini goti lake halikukunjika tena.

Mwenyekiti wa kijiji alipokwenda kumdhamini, wakamwachia rafiki yangu bila kesi. Bwana afya akaja kumpa pole.

"Ndugu yangu, mimi nilitimiza wajibu. Ningejuaje?"

"Ungeniuliza, baba," alisema rafiki yangu, polepole kabisa. "Nilikuwa nakuamkia kila asubuhi."

Mimi ningempiga. Yeye akamkaribisha kiti.

Mwera ulipotulia, akampakia mama yake kwenye mtumbwi, wavuke kwenda kwa mjomba wake, ng'ambo ya ziwa. Nilimshika mkono, nikamwambia atakayemgusa tena atanipitia mimi kwanza.

"Mwana, utapigana na wangapi?" akasema. "Leo shuka. Kesho nitakohoa, wataitwa polisi."

Sina hata picha yake. Nimejifunza kusoma mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na kila gazeti natafuta habari za ng'ambo, kama vile gazeti litaandika kwamba mtu fulani leo amekula usipa. Jioni nikipika, mkono bado unaweka unga wa watu wawili.

Mwaka huu mwera umeanza tena. Juzi nilikwenda kwenye jiwe nikafunga shuka langu. Sina mtu majini. Nilipunga mkono kuelekea ng'ambo, muda mrefu, kama alivyofanya yeye.

Bwana afya alipita na baiskeli yake. Akaliona shuka, akaniona mimi.

"Habari za ziwa?" akauliza, akaenda zake.

Nikakaza fundo.