Amina Iliyokawia Mdomoni mwa Chemba

Saa moja asubuhi, Mukhtar Masih anavua viatu katikati ya barabara. Mvua iliyonyesha usiku kucha imeuacha mtaa wa Rangsaz, hapa Faisalabad, ukinuka. Maji meusi yamefika kwenye vifundo vya miguu. Yeye anavua kandambili zake bila haraka, anazipanga vizuri kwenye ngazi ya duka lililofungwa, kisha anasogea hadi kwenye mdomo wa chemba ya majitaka.

Wenzake wawili nao wako peku. Aftab, kaka wa mkewe, ameshafungwa kamba kifuani na amekunja suruali hadi mapajani. Lazar, ambaye kikosini ndiye bingwa wa mizaha, ameegemea ufito wa mwanzi. Leo hata yeye hana mzaha.

"Hawa wanaingia msikitini au chooni?" anapaza sauti Haji Rafiq kutoka barazani kwake. Binti yake anaolewa leo jioni. Hema limeshafungwa, sufuria za pilau zimeshakodiwa, na maji ya chemba yamo uani. "Bwana harusi aje na mtumbwi?"

Watu wanacheka. Mukhtar hacheki.

Chaudhry Ilyas, msimamizi wa zamu, amesimama juu ya tofali ili asilowe viatu. Simu haitoki sikioni. Mkubwa wake anataka mtaa ukauke kabla ya saa nne, na gari la kunyonya majitaka limekwama upande wa pili wa jiji. Kwa hiyo ni lazima mtu ashuke akatoe kilichoziba.

"Haya, Mukhtar, ongea na Mungu wako upesi," anasema. "Mimi naongea na mkubwa wangu, na huyu wangu hana subira."

Kikosi hiki kina sharti moja ambalo ofisi haijaliandika popote. Anayeshuka husali Sala ya Bwana yote, kwa sauti, akiwa peku. Anayeshika kamba ndiye anayeitikia amina. Amina isipotamkwa, hakuna anayeshuka.

Leo anayeshuka ni Aftab. Anayeshika kamba ni Mukhtar.

Mukhtar ana miaka arobaini na saba, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameimalizia ndani ya mitaro ya jiji hili. Ameajiriwa. Aftab ni kibarua, hulipwa rupia elfu moja na mia mbili kwa siku, na siku asiyoitwa hana kitu. Jana jioni Chaudhry alimvuta pembeni na kumwambia kwamba nafasi moja ya kudumu imepatikana, na anaangalia nani ana moyo wa kazi. Aftab hakulala. Amekuja na moyo wote.

Anaanza kusali, na anasali kama mtu anayekimbiza basi. Maneno yanakanyagana. Kabla hujajua ameanza, amemaliza, na mguu mmoja umeshaingia kwenye chemba.

Mukhtar haitikii.

Kinachosikika ni maji tu, yakigugumia huko chini.

"Vipi?" anauliza Chaudhry. "Mbona hashuki?"

"Sala haijaisha, Chaudhry Sahib."

"Si amemaliza sasa hivi? Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Amemaliza kusema," anajibu Mukhtar. "Hajasali."

Haji Rafiq anapiga paja. "Mashallah! Mfagiaji naye amekuwa mufti!"

Anayemwona Mukhtar asubuhi hii anaweza kudhani ni mtu wa kujikweza kwa dini. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi sala yake kazini ilikuwa fupi kuliko ya Aftab.

Katika kanisa lao dogo la Colony, mtaa wanakoishi Wakristo, wazee waliwafundisha watoto kwamba Sala ya Bwana haitamkwi ovyo. Unavua viatu, unanawa mikono, unasukutua mdomo, mwanamke anafunika kichwa, ndipo unasali. Wafanyakazi wa mitaro wakajitazama, wakaona kazini hawawezi kuwa safi kiasi hicho hata kwa dakika moja. Wakamwachia Mungu sala nzima kanisani. Kwenye chemba walibaki na maneno mawili tu, "Mungu, heri," yanayosemwa huku mtu akishuka.

"Ilikuwa kama kupiga hodi na kuingia hapo hapo," anasema Mukhtar. "Hungoji kukaribishwa. Sisi tulidhani ndiyo heshima. Tulidhani tunalikinga jina lake na uchafu wetu."

Barkat, kaka yake mkubwa, alishuka hivyo hivyo. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nyuma ya stendi, kwenye chemba waliyoifahamu vizuri. Barkat alisema, "Mungu, heri," miguu yake ikiwa imeshazama. Mukhtar alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa na chapati ya samli.

"Nikaitikia amina na chapati mdomoni," anasema, na hapo sauti yake inakuwa ndogo. "Sikumeza hata. Barkat hakupiga kelele, hakuvuta kamba. Tulipomtoa alikuwa ameshakwenda. Gesi haikusema kitu, na mimi nilikuwa natafuna."

Baada ya mazishi alipoteza neno hilo. Kanisani wenzake waliimba, walisali, wakafika mwisho wa sala, na yeye akafunga mdomo. Razia Bibi, mkewe, anazikumbuka siku zile kwa uchungu na kwa kicheko pia.

"Kanisa zima linasema amina, yeye kimya kama gogo," anasema huku akikanda unga. "Wanawake wakaanza kuninong'oneza: dada, mumeo amebadili dini? Nikawaambia, angebadili si angalau angepumzika kazi ya Ijumaa!"

Alipopona, hakuponea kanisani. Siku moja walikuwa wamefungua chemba karibu na soko la mboga, wakisubiri fito ziletwe. Mukhtar alikuwa ameketi kando ya shimo. Akatamani kusali sala yote, kama mtu anavyotamani maji. Na kwa kuwa kwao haisaliwi na viatu miguuni, mikono yake ikavua viatu kabla kichwa hakijaamua.

"Nikajiuliza: kama hapa ni pachafu mno kwake, na mimi nimo humu humu, je, ananiona au hanioni? Kama ananiona, basi amekwisha fika. Na kama amefika, nitamsalimu nikikimbia?"

Kikosi kizima kikamfuata. Padri Yusuf Gill, mchungaji wao, alipopata habari alikasirika kwanza. Alimwita ofisini na kumuuliza anawezaje kulitamka jina takatifu mbele ya kinyesi. Mukhtar alimjibu kwa unyenyekevu kwamba hana mahali pengine anapoogopa kiasi hicho. Leo padri mwenyewe anajilaumu.

"Sisi tuliwafundisha kunawa mikono, hilo si baya," anasema padri. "Lakini hatukuwafundisha kusimama. Mtu anaweza kunawa hadi viwiko na bado akampita Mungu kama anayempita mlinzi getini."

Kwa Mukhtar, uzito wote umehamia kwenye neno la mwisho. "Amina si mkia wa sala," anasema. "Ni kutia dole gumba. Nimesikia ulichoomba, nimekubali, na mimi nimo. Sasa mtu anaomba kwa pupa, hata hajui ameomba nini, mimi natia dole gumba kwenye nini?"

Ndiyo maana asubuhi hii Rangsaz nzima inamngoja.

"Anza upya, shemeji," anamwambia Aftab. "Polepole. Mimi niko hapa."

Aftab anautoa mguu kwenye chemba. Uso umemwiva kwa aibu na hasira. Anaanza upya, na safari hii maneno yanatoka moja moja. Anafika pale mtu anapomwomba Mungu asimwache aingie majaribuni. Macho yake yanateremka kwenye shimo. Anamalizia kwa mnong'ono.

Wote wanamtazama Mukhtar. Midomo yake inafunguka, kisha inafungika.

"Sema basi!" anasema Aftab.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Umeomba usiingizwe kwenye jaribu, na umesimama mdomoni mwake. Nimetafuta amina, sijaipata. Tungoje gari."

Chaudhry anashuka kwenye tofali lake, na viatu vinalowa. "Tungoje? Mukhtar, nitakuandikia ukaidi leo hii. Huko Colony wako wanaume kumi wanaotaka kamba hiyo."

"Niandikie, Sahib."

"Shemeji, unanizibia riziki!" Aftab anapiga kelele, na mishipa ya shingo imemtoka. "Wewe una ajira, una pensheni, unaweza kukaa hapa ukimbembeleza Mungu mpaka jioni. Mimi nina nini? Barkat alikufa, mimi siye Barkat!"

Hakuna anayecheka tena, hata kule barazani. Aftab anaipokonya kamba kutoka mikononi mwa Mukhtar na kumtupia Lazar.

"Shika wewe. Itikia wewe."

Lazar anaidaka. Huyu ndiye mtu anayeweza kumtania maiti. Anaitazama kamba, anamtazama Chaudhry, anamtazama Aftab ambaye tayari ameketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Kisha anatazama vidole vyake vya miguu kwenye maji meusi, kama vile ndiyo kwanza ameviona.

"Lazar!" anafoka Chaudhry.

Lazar anatikisa kichwa. Anaizungusha kamba kiganjani mara mbili, anaikaza, na midomo yake inabaki imefungwa.

Aftab angeweza kushuka. Hakuna mkono uliomzuia. Amekaa ukingoni mwa chemba, kamba imekazwa nyuma yake, na neno moja ambalo amelisikia tangu utotoni linakataa kuja. Anatukana, halafu anapiga ukingo wa chemba kwa ngumi. Lakini hashuki.

Wako hivyo hivyo chemba inapokohoa.

Sauti inatoka mbali, upande wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Kisha mvuke unapanda shimoni, na nyuma yake maji ya zambarau, ya moto, yenye harufu ya kuchoma pua. Lazar anavuta kamba kwa nguvu zake zote. Aftab anaangukia mgongo barabarani, nyayo zikiwa zimebabuka. Chaudhry anajifunika uso kwa skafu. Haji Rafiq anakimbilia ndani akikohoa na kuita jina la Mungu. Mtaa mzima unarudi nyuma.

Kiwandani wamemwaga pipa la rangi la asubuhi, na hakuna aliyewaambia.

Mukhtar amepiga magoti kwenye maji, amekikumbatia kichwa cha Aftab. Baadaye majirani walipotaka kumfanya nabii aliwakatalia kwa ukali.

"Sikujua," anasema. "Nisingizieni chochote, si hilo. Sikuota, sikuambiwa. Siku nyingine nimeitikia amina na mtu akapata jeraha. Mungu si king'ora. Siku ile nilishindwa tu kusema uongo mbele yake."

Gari la kunyonya lilifika mchana. Harusi ilifanyika, wageni wakipita juu ya matofali, na Haji Rafiq alituma sinia la pilau Colony bila salamu yoyote. Chaudhry alimpigia simu meneja wa kiwanda na kumfokea mbele ya watu. Kisha akakaa akaandika, kama alivyoahidi: Mukhtar alikatwa mshahara wa wiki kwa kukaidi amri. Kuhusu ile nafasi ya kudumu, hakuna aliyeitaja tena.

Nyumbani, Aftab alikaa siku tatu bila kusema na shemeji yake. Alikula akiwa ameelekea ukutani, nyayo zimefungwa vitambaa.

"Mmoja kaka yangu, mmoja mume wangu, na chai naipeleka huku na huku kama karani wa mahakama," anasema Razia. "Siku ya tatu Aftab akaniambia: dada, ajira ilikuwa mkononi. Nikamuuliza: na mkono ungekuwa wapi?"

Mukhtar hamlaumu. Anasema njaa nayo hujua kusali, na husali haraka. Anachotaka kabla hajastaafu ni kumwona Aftab ameajiriwa, viwanda vikilazimishwa kutoa taarifa kabla ya kumwaga, na mashine ikishuka kwanza badala ya mtu. Ameomba kuonana na wakubwa wa ofisi kuhusu hayo. Hajajibiwa. Siku hiyo ikifika, anasema, ataitikia amina mpaka stendi wasikie.

Lakini leo, siku kadhaa baada ya ile ya Rangsaz, mashine haipo, na nyuma ya soko la mboga kuna chemba nyingine iliyoziba. Zamu ya kushuka ni ya Mukhtar. Kamba ameshika Aftab, aliyerudi kazini jana akichechemea.

Mukhtar anavua viatu. Anasali polepole, neno kwa neno, macho yamefumbwa. Anafika mwisho, ananyamaza, anangoja.

Aftab ana tambuu shavuni. Anaacha kutafuna. Anaitema kando, anapangusa mdomo kwa kiganja, kisha anavua viatu, kimoja baada ya kingine, ingawa vidonda havijapona. Anasogea ukingoni na kutazama ndani ya shimo kwa muda mrefu. Chaudhry anaishusha simu kutoka sikioni.

Aftab anaishika kamba kwa mikono miwili.

"Amina," anasema.

Mukhtar anafumbua macho, anamtazama, na kushuka.