Siku Nilipomsahihisha Mkalimani wa Sinema

Nilikuwa kidato cha pili, Homa Bay, na nilikuwa na vitabu vinne vya picha vya shujaa mmoja wa Wamarekani, mwenye joho na barakoa. Mwalimu mgeni aliniachia alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nilivisoma mpaka karatasi zikalegea kama kitambaa. Nilijua joho lake ni jekundu, kwamba hajawahi kumwonyesha mtu uso wake, na kwamba huongea maneno machache mno.

Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka pwani alipoanza kuonyesha sinema za shujaa huyo, Jumamosi mchana, ndani ya ghala la pamba lililokuwa tupu kabla ya mavuno, nilikwenda kama mkaguzi.

Sinema ilinichefua. Haikuwa na rangi. Joho lilining'inia kama blanketi lililonyeshewa. Kitabuni alipaa juu ya majengo. Hapa alirukia nyuma ya ukuta, kisha tukaonyeshwa mchoro wake ukipita angani. Na katika kipande cha pili, Jumamosi iliyofuata, alivua barakoa mbele ya msichana, jambo ambalo katika vitabu vyangu vyote vinne hakulifanya. Kuhusu sinema nilikuwa sahihi, na hata leo nitabishana na yeyote.

Lakini hasira zangu zilimwangukia mkalimani. Alikuwa mzee wa rika la baba yangu, kutoka kijiji chetu karibu na Migori, aliyewahi kuwa askari vitani Burma. Alisimama kando ya pazia na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili na Kijaluo yaliyokuwa yakisemwa. Kila mara shujaa alipokaribia kupigana, mzee alimfanya ajisifu kwa pakruok, kama watu wetu wanavyofanya kwenye nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane: mpigaji hunyamaza, mtu husimama akajitaja kwa majina ya fahari, kisha wimbo huendelea.

"Mimi ni dume lililovuka Mto Kuja umefurika. Mimi ni mkwe wa warembo wa Karungu. Nani ananizuia?"

Ghala lilitikisika kwa vicheko. Kwenye pazia, mdomo wa shujaa ulikuwa umefungwa.

Jumamosi ya tatu nilisimama katikati ya pakruok. Kwa desturi, mtu hukatiza ili asifu. Mimi nilikatiza nikasema mzee anadanganya, shujaa hajasema neno, na mzee mwenyewe hajui Kiingereza. Nililijua hilo kwa sababu tangu darasa la tano mimi ndiye niliyemsomea barua za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Uganda, nikimfasiria kila neno la Kiingereza lililokuwamo. Aliniaminia siri hiyo, nami niliitoa mbele ya watu mia.

Walimcheka. Mzee aliweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu, akachukua kofia yake akatoka.

"Haya, msomi," mwenye sinema akaniambia, "njoo useme wewe."

Nilisema kwa Jumamosi mbili, neno kwa neno. Anasema simama. Anasema hapana. Watu walipiga miayo, na Jumamosi ya pili mabenchi yalibaki nusu tupu. Mwenye sinema alinionya kwamba mambo yakiendelea hivyo atahamishia mashine Oyugis. Mzee naye, nilisikia, alikuwa amerudi kijijini akishona magunia yaliyotoboka, na watu wa huko walishaletewa habari kwamba alikuwa akibabaisha mjini. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Niliazimia kumrudisha, hata kama angenitandika bakora.

Jumapili nilipanda basi hadi Migori, vitabu vikiwa kwapani. Nilimkuta barazani na sindano ya magunia. Nilimwomba radhi, kisha, kwa ujinga wa ujana, nikamfungulia kitabu ili aone kwamba shujaa kweli ni mtu wa maneno machache.

Alikitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya alama kubwa iliyojaza kifua cha shujaa.

"Huyu amejisifu hapa kabla hajafungua mdomo," akasema. "Na wewe, wuoda, mwanangu, unasema hana pakruok?"

Alirudi kwenye gunia lake. Aliniambia nisihangaike tena na barua zake, sasa anasomewa na mtoto wa jirani. Nilipoinuka kuondoka ndipo akaongeza, bila kuinua macho, "Ulinivua nguo mbele ya watu. Nivalishe mbele ya watu."

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya pazia. Mashine ilikuwa imeshawashwa, na mwanga wake ulinichoma macho. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani. Nilisema nilimkosea mtu wa rika la baba yangu, kwamba nilichukua jambo aliloniaminia nikalifanya fimbo, na kwamba watu walikuja humu kumsikiliza yeye.

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Msomi, kaa chini tuone sinema!" Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Sikukaa. Nilianza upya tangu mwanzo, polepole, nikamaliza.

Mzee alipita katikati ya mabenchi, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Umesema," akaniambia. "Sasa toka kwenye mwanga, watu waone."