Ukoka wa Mama Mkubwa

Hata leo nikisikia ufagio wa vijiti ukikwaruza udongo alfajiri, najikuta niko Hai Malakal, mtaa wetu wa Juba, na kwanza kabisa nauonea huruma ukoka.

Tulirudi Juba kutoka Eldoret, mimi na mama, baada ya mkataba wa amani kutiwa saini. Nyumba ya babu bado ilikuwa imesimama, na ndani yake Mama Mkubwa Poni, dada yake mama, ambaye vita vilimkuta palepale na vikamwacha palepale. Zamani babu alikuwa na nyasi mbele ya nyumba, na mama alijigaragaza humo utotoni. Sasa palikuwa udongo mtupu, mwekundu, uliofagiwa ukang'aa. Kishungi kimoja tu cha ukoka kilibaki kando ya pipa la maji.

"Zikishika hizi, tunakaa," mama aliniambia akipandikiza vipande vya kile kishungi. "Zisiposhika, Eldoret bado ipo." Alisema akicheka, lakini masanduku yetu hakumaliza kuyafungua; nguo tulizitoa moja moja, zikifuliwa zinarudi humo humo. Nami sikutaka kwenda popote. Nilikuwa nimeshampenda Mama Mkubwa, pamoja na karanga zake za kukaanga.

Kila jioni tulimwagilia kwa maji ya kufulia. "Mvumilivu hula mbivu," mama alisema.

Mama Mkubwa akaguna. "Nyasi nani anakula? Wewe iko mbuzi?"

Mvua za kwanza zilipokuja, ukoka ukaanza kutambaa. Siku moja, mama akiwa kazini, nilitoka shule nikakuta uwanja umenyolewa. Mama Mkubwa alikuwa amelima kila penye kijani, akafagia, kisha akaketi kivulini akisubiri kushukuriwa.

"Hosh iko safi sasa," alisema akinionyesha ua mzima. "Nyoka haiwezi jificha."

Mama aliporudi hakugombana. Aliketi kitandani karibu na masanduku, na chakula hakukigusa. Nikakimbilia jikoni, nikamwambia Mama Mkubwa yote huku nalia: nyasi zisiposhika, tunaondoka.

Akaweka mwiko chini. "Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Asubuhi iliyofuata alirudi kutoka mtoni na gunia la ukoka kichwani. Aliupanda mwenyewe kwa matuta, mistari imenyooka kama ya karanga, na katikati ya mistari akaendelea kufagia. Mama alipoona alicheka mpaka akashika ukuta. Mvua za mwaka ule zikapita, na za mwaka uliofuata, tukawa na nyasi zenye milima na mabonde. Hakuna kiti kilichokaa sawa juu yake. Lakini zilishika. Masanduku yakapanda juu ya kabati, matupu.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza Mama Mkubwa kwa nini alizichukia nyasi. Akashangaa. Hakuzichukia hata kidogo. Wakati wa vita, majani yakiota mlangoni, watu walijua nyumba haina mwenyewe, wakaingia wakakaa.

"Mimi nilifagia kila siku, hata siku ya risasi," alisema. "Wajue iko mtu. Wajue wenyewe wanarudi."

Wageni wakiuliza nyasi zile zilichukua muda gani kurudi, mama hujibu, "Mvua mbili tu." Mama Mkubwa naye, ufagio mkononi, humalizia:

"Nyasi ilikuja haraka. Watu ndiyo ilichelewa."