Jina la Mukemwenza

Watu wanasema nilipona kwa sindano za Wabelgiji. Ni kweli nusu. Nilipona kwa jina la mukemwenza wangu, na dawa hiyo mpaka leo iko inaniwasha.

Mwenye kosa wa kwanza ni bwana yangu. Alipopata kazi ya kuchimba zahabu ya kampani, upande wa Salamabila, mimi muke mukubwa nilibaki Wamaza. Kwetu ni hivyo: mukubwa haachi ghala ya mupunga, mudogo ndiye anamufuata bwana na masufuria. Siku ya kuandikishwa, karani akamuuliza, "Muke wako ni nani?" Bwana akageuka nyuma, akamuonyesha yule aliyesimama na sufuria kichwani. Basi, ikaisha. Kampani ilitambua muke mumoja tu, na huyo ndiye wa kutibiwa kwenye lopitali ya kambi. Mimi niliyemutwangia bwana mupunga tangu hana ndevu, kwa kampani sikuwa mutu.

Halafu kifua kikanishika. Nilikohoa mpaka damu. Na habari za kambi zilinifikia: mukemwenza amepewa mafuta ya upele, mukemwenza amepewa vidonge kwa sababu kichwa kinamugonga. Kichwa! Mimi natema damu kwenye jani la ndizi, yeye anatibiwa uvivu.

Katekista akanishauri niende kutibiwa kwa masista wa misioni, Kasongo. "Lakini, mama, kwanza bwana yako aache muke mumoja."

"Na unafikiri ataacha nani?" nikamuuliza. "Yule mwenye mashavu, ama huyu mwenye kukohoa?"

Akaenda zake. Sikuenda.

Mama mukwe ndiye alileta shauri ingine. "Nenda kambini, useme wewe ni yule mudogo. Wazungu hawajui sura zetu." Karani alizijua, lakini alikula mbuzi wangu, akanyamaza. Bwana aliogopa kufukuzwa kazi, akawa anajikuna tu. Mukemwenza ndiye alisema, mbele ya ukoo wote, kwa sauti ya asali: "Yaya, mukubwa wangu, chukua jina langu. Mimi nitakulindia ghala." Wanawake wakamupigia vigelegele. Mimi nilitamani kumupiga kofi.

Asubuhi kule lopitali, muganga akaita jina lile. Nikabaki kwenye benchi. Akaita tena. Mugonjwa mwenzangu akanisukuma na kiwiko: "Mama, si wewe? Ama unangoja wakupigie ngoma?" Wengine walikuwa wanasimama tayari kunipita. Damu ilikuwa inanipanda kooni.

"Niko," nikasema. Neno hilo lilinikwaruza kuliko kikohozi.

Nililala pale mpaka mupunga ukavunwa bila mimi. Sindano, jina lile. Uji, jina lile. Wanawake wa kambi, waliomujua mwenyewe, walipita dirishani kunicheka: "Eeh, mama mudogo! Umezeeka lini?"

Nikarudi Wamaza nimenenepa. Nikamukuta mukemwenza amekaa kwenye kiti changu, mulangoni pa ghala, tumbo limemujaa. Nikaingia ndani kutafuta kosa. Nilitafuta panya, nilitafuta unyevu, nilitafuta hata utando wa buibui. Mupunga ulikuwa umepangwa vizuri kuliko nilivyouacha. Jirani akanifuata mulangoni: "Mushukuru mwenzako, mama. Muke gani mwingine angefanya hivi?" Nikashukuru. Mudomo wangu ulishukuru.

Bwana akaja kumuchukua akazalie lopitali ya kambi, maana jina sasa lilikuwa limerudi kwa mwenyewe. Wakaondoka na masufuria yao. Mimi nikabaki na ghala, kama mwanzo.

Sasa tumekuwa wazee wote wawili, na bado tunagombana, hata juu ya chumvi. Nikianza kupaza sauti, yeye hajibu matusi. Ananiangalia, anasema taratibu, "Yaya, hebu kohoa."

Nanyamaza. Kifua iko kizima.