Gauni Lililokataa Kupiga Magoti

Naikumbuka Jumanne moja ya Desemba iliyopita, mwanangu, na kila nikiikumbuka miguu yangu hutaka kuondoka mahali ilipo. Najua unacheka. Unajiuliza, huyu Nafula wa kidato cha tatu anapata wapi ujasiri wa kuniita mwanangu, na mimi niko cha kwanza? Tulia. Uzee si mvi. Uzee ni aibu ulizokwisha kupitia, na kwa hesabu hiyo mimi ni nyanya yako.

Dada yangu Nekesa anafundisha shule ya msingi kule Kachibora. Harusi yake ilipangwa iwe Jumamosi, kanisani Kanduyi, kisha apelekwe kwa kina bwana harusi, Bumula. Mwezi wa Novemba alikuwa amezama kwenye mitihani ya watoto, hakupata nafasi ya kuja Kitale kuchagua gauni. Akanipigia simu.

"Nafula, si mimi na wewe tunavaa saizi moja? Enda sokoni ukanijaribie. Lakini kumbuka, kiuno changu ni chembamba na hipsi nimerithi za shangazi."

"Hizo hata kipofu hawezi kuzikosa, dada."

"Ati?"

"Nimesema sawa."

Saizi moja mabegani, ndiyo. Urefu pia. Lakini kutoka kiunoni kushuka chini, mwanangu, mimi ni ufito na Nekesa ni mtungi. Nililijua hilo tangu tukioga kwenye karai moja.

Mama wa mitumba alinitolea magauni mawili, yote rangi ya maziwa. La kwanza lilishika kifua na kiuno, halafu likafunguka kama kengele. Nilipolivaa nikaonekana kama fimbo iliyosahauliwa ndani ya hema. La pili lilikuwa mkato wa samaki, linakukumbatia mpaka magotini ndipo mkia unatanuka. Nikalivaa, nikageuka kwenye kioo. Ala! Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na umbo. Niligeuka tena. Nikapiga picha kumi na mbili.

"Umependeza," akasema yule mama. "Bibi harusi ni wewe?"

"Ni dadangu. Tuko sawasawa."

"Sawasawa juu ama sawasawa chini?"

Nikacheka, nikamwambia afunge hilo la samaki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeazima harusi ya dadake ili ajione mrembo kwa dakika kumi.

Basi ikafika hiyo Jumanne. Tulikuwa Kanduyi kwa Shangazi Rispa, fundi wa cherehani, ambako maandalizi yote yalifanyika. Nekesa akaingiza miguu, akavuta. Gauni likapanda hadi mapajani, likagoma. Akavuta yeye, nikavuta mimi, tukavuta kama watu wanaotoa gari kwenye matope.

"Pumua nje, dada. Jifanye umekufa kidogo."

Hakucheka. Alikaa kitandani, gauni likiwa limemkaba mapaja, akasema polepole, "Kumbe ni mimi nimezidi."

Hapo ndipo ningesema, mwanangu. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza.

Tangu saa ile Nekesa akaacha kula. Ugali ukiletwa, ameshiba. Kuku akiletwa, tumbo limejaa. Alikunywa maji moto na ndimu, akajipima kiuno kwa utepe wa shangazi, akajipima tena baada ya saa moja kama anayengoja barua. Mimi nilishindwa kutulia. Nilifagia uwanja uliofagiwa. Nilihesabu vijiko, nikasahau idadi, nikarudia. Nilitoa vichekesho vitatu, vyote vikafa mlangoni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu nilikuwa nimeushika mimi na anayechechemea ni mwenzangu.

Jumatano alasiri aliinuka kuchukua kikombe, akashika mwimo wa mlango. Kizunguzungu kilikuwa kimemshika. Nikaona Jumamosi yote: bibi harusi anaanguka mbele ya mchungaji, na wageni wanauliza kwani kuna mimba.

"Shangazi," nikasema, "kulikuwa na gauni lingine. Lingemkaa. Niliacha kwa sababu hili lilinipendeza mimi."

Nekesa aliuachia mwimo, akakaa chini polepole. Afadhali angenipiga na sufuria. Shangazi Rispa akaweka mkasi chini.

"Livae."

Nikavaa.

"Kweli umependeza. Sasa piga magoti."

"Hapa?"

"Si kanisani atapiga magoti abarikiwe? Si Bumula watampokea na nyimbo acheze? Piga magoti, bana!"

Nilijaribu. Magoti yaliinama, gauni likakataa. Nikaenda mzima mzima kama mti uliokatwa, nikaangukia gunia la vitambaa, na mshono wa nyuma ukalia praaa! Nekesa alicheka mpaka machozi yakatoka, na sijui hadi leo ni machozi ya aina gani.

Shangazi hakucheka. "Wewe Nafula, nguo ya harusi haipimwi na kioo. Inapimwa na kazi itakayofanya siku hiyo. Na wewe Nekesa, acha hiyo ndimu. Kitambaa hukatwa kimfuate mtu. Mtu hakatwi." Kisha akashika mahali palipopasuka, akaguna. "Nitalipanua kutoka kiunoni kushuka. Lakini kitambaa cha rangi hii sina."

Kilikuwepo. Kilining'inia kwenye msumari nyuma yangu: gauni langu la kumsimamia bibi harusi, maana kamati ya harusi ilitaka sote tufanane rangi. Nilikuwa nimeliota miezi mitatu. Nikalitoa haraka kabla moyo haujabadilika, nikaliweka juu ya cherehani.

"Na wewe utavaa nini?" Nekesa akauliza.

"Sketi ya shule. Nitasimama nyuma ya keki."

Jioni hiyo alikula ugali akaongeza.

Jumamosi alipiga magoti, akainuka bila kushikwa mkono. Kule Bumula akina mama walimlaki kwa nyimbo, hipsi za shangazi zikajibu, na gauni likazifuata kwa adabu. Ajuza mmoja akanivuta. "Bibi harusi ametengenezwa! Lakini wewe mbona yunifomu?"

"Nyanya, hii ni adhabu," nikamwambia, "lakini ina mifuko."

Basi sikia, mwanangu. Siku yako ikifika, ukiwa na hipsi, chukua gauni linaloshika kiuno kisha likuachie nafasi. Ukiwa ufito kama mimi, samaki atakukopesha umbo, mradi magoti yakunjike. Enda na mwili wako mwenyewe, usitume wa jirani. Ndani ya gauni hilo kaa, inama, piga magoti, cheza. Ndipo ugeukie kioo. Na ukitumwa kumchagulia mwenzako, mvalishe yeye akilini mwako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajauchukia mwili usio na kosa.

Mungu akupe siku njema na dada anayekupenda kuliko kioo. Zipu yako ipande bila vita. Magoti yako yakunjike penye baraka, na ukiinuka, uinuke umeshiba.