Mashavu ya Pacha Wangu

Nilimwonea pacha wangu wivu kwa kitu ambacho watu hawaoneani wivu. Sikutamani nywele zake, maana zilikuwa zangu pia, wala sura, wala sauti. Hivyo vyote Mungu alitugawia kwa kipimo kimoja, hata baba mzazi alikufa akiwa bado anatuchanganya. Mimi nilitamani tumbo lake. Yeye alikula ugali wa muhogo kwa samaki wa migebuka walioungwa na mawese, akalamba vidole, akainuka na kwenda zake kazini. Mimi nilimega tonge kwenye sinia hilohilo, kisha nikaenda chooni kutoa damu.

Tuliishi Ujiji, sisi wawili na Mama, kwenye nyumba aliyotuachia baba. Mama alikuwa Muha wa milimani aliyeshuka ziwani kwa ajili ya ndoa. Alinunua dagaa ufukweni Kibirizi, akawaanika, akawauza kwa wachuuzi waliowasafirisha kwa treni. Pacha wangu alikuwa fundi cherehani huko Gungu. Mimi nami nilianza kujifunza kazi hiyo bega kwa bega naye, lakini tumbo lilinirudisha nyumbani kabla sijajua hata kushona mfuko wa suruali. Basi yeye akawa na cherehani, mimi nikawa na ndoo.

Lazima nieleze Mama alivyotulea, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwao, watoto pacha, amahasa kama alivyotuita kwa lugha yake, hawapewi kitu nusunusu. Mmoja akinunuliwa kanga, mwingine naye apate. Mmoja akichapwa, mwingine naye aguswe na fimbo japo kidogo, asije akaona ametengwa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa anaondoka, na kwa Mama kuondoka maana yake ilikuwa kufa. Nilipong'olewa jino utotoni, alimburuta na mwenzangu hadi zahanati akaomba naye atazamwe jino la upande uleule. Mhudumu aliwafukuza. Mama alirudi amenuna, akamsukutuisha maji ya chumvi sawasawa na mimi mpaka kidonda changu kilipopona. Tulicheka sana habari ile. Wakati huo nilikuwa bado na tumbo la kuchekea.

Ugonjwa ulinianza miaka ile ya wakimbizi, Warundi walipokuwa wakivuka kwa wingi. Meli iliwashusha bandarini, uwanja wa mpira ukajaa mahema, na mjini kote mazungumzo yakawa ni ya kuhara. Kwa hiyo nilipoanza kuhara, kila jirani alikuwa na jibu tayari. Wakasema nimeambukizwa na wakimbizi, na mimi sikuwahi kunywa nao hata maji. Nikapewa dawa za kuhara damu, zikaisha, nikapewa nyingine. Damu haikukoma. Nilikonda mpaka sketi zangu nikazifunga kwa kamba, na pacha wangu akazipunguza kiuno moja baada ya nyingine, sindano mkononi, akiimba.

Akiimba! Ningeweza kumchoma kwa sindano yake mwenyewe.

Wivu ukishaingia ndani hauchagui pa kukaa. Niliwaonea wivu hata wakimbizi. Hospitalini walikuwa na kadi, na mtu wa kuwaita kwa kadi zao, na gari la kuwaleta. Mimi mwenyeji nilikaa kwenye benchi nimebana mapaja, nikiomba choo kisipate mtu kabla yangu. Mama mmoja Mrundi aliniachia nafasi yake kwenye foleni, akanigusa bega, akasema pole. Nilikasirika zaidi, kwa sababu kuchukia mtu anayekupa pole ni kazi ngumu.

Hata hivyo, kama si wao nisingempata daktari yule. Aliletwa Kigoma kwa ajili yao, kijana mwembamba wa Dodoma, mwenye mpira mrefu wenye kamera kichwani. Aliuingiza huo mpira, sitasema ulipita wapi, akautazama utumbo wangu kwenye kioo, akanyofoa vipande vidogo vikapelekwa kupimwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi akasema hakuna mdudu wala minyoo. Utumbo mpana umevimba na kuchubuka ndani, na mwili wenyewe ndio unaouchubua.

Sikuuliza kama nitapona. Swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini mwenzangu hana?

Yule daktari alifurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. Akavuta kiti. Akasema utumbo umetandikwa ndani kwa safu moja tu ya seli, nyembamba sana, na ndani ya siku chache safu hiyo inakuwa imejibadilisha yote. Kila seli imebeba maagizo yote ya kurithi, jeni zote za baba na mama, lakini haizitumii zote. Nyingine zinafanya kazi, nyingine zimelala.

"Wewe na pacha wako mna jeni zilezile, dada," alisema. "Tofauti ni zipi zimeamka. Kwako, seli za utando zimelegea kwenye kazi ya kutengeneza ute na kushikana vizuri. Halafu zimewasha jeni za kuita ulinzi. Walinzi wa damu wanakuja mbio, hawaoni adui, wanaanza kubomoa nyumba. Nyumba ikibomoka, seli zinaita tena."

Yeye alisema habari ya kuwasha jeni. Mimi nikawaona wavuvi wetu wa dagaa. Boti zote zinabeba taa, lakini dagaa wanakusanyika palipowashwa. Pacha wangu alikuwa boti iliyozima taa na kulala. Mimi nilikuwa nawaka mchana kutwa, na kila aina ya walinzi walikuwa wamenijaa tumboni.

"Nani aliziwasha?" nikauliza.

"Hatujui vizuri. Labda maradhi ya zamani, labda chakula, labda vijidudu tunavyoishi navyo tumboni. Sehemu kubwa ni bahati tu."

Bahati! Laiti angesema uchawi, ningemtafuta mchawi. Laiti angesema urithi, ningewalaumu wazee. Lakini tulilala tumbo moja, tukanyonya maziwa yaleyale, tukala sinia moja, halafu bahati ikamruka yeye ikanitua mimi. Siku ile nilirudi nyumbani na kijiba cha roho kikubwa kuliko nilichoondoka nacho.

Siku hiyohiyo daktari alikuwa ametoa vidonge vidogo vyeupe. Alisema dawa hiyo inaingia mpaka ndani ya seli na kuzituliza zile jeni zinazopiga kelele, uvimbe unashuka. Maelezo ya kumeza alimpa Mama, kwa kuwa mimi nilikuwa nimejikunja kwenye kitanda cha kupimia, uso ukutani, sina hamu ya kusikia. Mama akavifunga vidonge kwenye ncha ya kanga yake. Kila asubuhi alifungua fundo, akanipa vyangu mkononi na uji, akasimama kunitazama nikimeza. Viliisha siku ileile iliyopangwa, akaenda kuchukua vingine, na hakuna aliyekuwa na shaka.

Nilipata nafuu kidogo, kisha nikarudi nyuma. Pacha wangu ndiye aliyenawiri. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi nilikauka, yeye akaota mashavu. Yalikuwa ya mviringo, yanang'aa, mpaka macho yakawa madogo kwa raha. Alikula kuliko wavuvi. Alimaliza sinia, akakomba sufuria, akaulizia kilichobaki jana. Majirani wakamwita mtoto wa bandari, yaani aliyeshiba, wakasema ameiva huyu, na kweli kuna kuli mmoja wa Kibirizi alimtuma shangazi yake kuja kuuliza habari za nyumba yetu kwa nia ya kuposa. Shangazi huyo aliponiona mimi mlangoni alishtuka. Alidhani anamwona yule binti aliyeelezwa, baada ya kuzikwa.

Kila nilipomtazama mwenzangu niliona uso wangu ulivyopaswa kuwa. Mtu mwingine akiwa mzuri unaweza kujipa moyo kwamba hukuumbwa hivyo. Mimi sikuwa na kisingizio. Nikaacha kula naye. Nikamwambia Mama anitengee sahani, Mama akakataa katakata, akasema pacha hawatenganishwi chakula. Basi nikala nimempa kisogo.

Kisha daktari akasema dawa imeshindwa. Alitazama tena kwa mpira wake, akavua miwani, akamwambia Mama kwamba utumbo ukiachwa hivyo utatoboka. Njia iliyobaki ni kwenda Mwanza kuukata wote ule mpana, na choo changu kitoke kwa mfuko ubavuni. Mama alikaa chini sakafuni. Wewe unayesoma utadhani niliwaza kifo, lakini niliwaza mashavu yale. Nilijiona nimelala na mfuko ubavuni, na nje wanapiga vigelegele vya harusi ya mtu mwenye sura yangu.

Daktari alinilaza wodini, akasema safari itahitaji damu, na kwanza niongezewe pale pale. Damu ya pacha ingefaa. Mama akasema binti ana kazi nyingi Gungu, haitawezekana. Nilishangaa. Mama ambaye angetoa damu yake mwenyewe kwa ajili ya kuku wake, leo anatoa visingizio? Nikamtuma jirani wa wodini ampigie mwenzangu simu, akaja kwa bodaboda, anahema, nyuzi zimemganda kwenye gauni.

"Shikamoo, daktari."

Daktari hakuitikia. Alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua papai.

"Mashavu haya umeyapata lini?"

Pacha wangu akamtazama Mama.

"Dada, hii siyo afya," daktari alisema. "Huu ni uso wa vidonge vyangu. Nilitegemea kuuona kwa mwenzako, sikuuona, nikadhani mwili wake hauipokei dawa. Nani anakunywa dawa hapa?"

Mama akafunika mdomo kwa kanga, palepale kwenye ncha yenye fundo.

Alikuwa akitugawia sawa kwa sawa. Nusu alinipa mimi ndani, nusu akaenda nayo uani kumpa mwenzangu, akamkataza asiniambie. Daktari alipandisha sauti, akamuuliza kama anajua amekaribia kumuua mtoto wake.

"Nilikuwa nawaokoa wote wawili," Mama alisema. "Pale Kibirizi nilimpokea mama mmoja Mrundi, kabeba mbeleko mbili, moja haina mtu. Ni amahasa wake. Mgonjwa alikuwa mmoja, akampa dawa mmoja. Aliyekufa ni yule mzima. Akaniambia kwa mdomo wake, mama, usimpe mmoja. Mimi ningefanya nini? Nikae niwe na mbeleko moja?"

Daktari akapiga magoti mbele ya Mama, akamweleza taratibu kwamba dawa si kanga. Inapoingia kwenye mwili usiokuwa na uvimbe haikosi kazi ya kufanya. Inagusa jeni nyingine, za sukari na mafuta na njaa, ndiyo maana yale mashavu. Na kwangu nusu ile ilikuwa inatuliza seli zikasinzia, kisha zikaamka na hasira. Safari ya Mwanza akaisimamisha. Nitakunywa dozi kamili kwanza, tuone.

"Na huyu aache leo?" Mama akauliza, akimwonyesha mwenzangu.

"Hapana. Mwili wake umeshazoea, ukimkatisha ghafla ataanguka. Naye atakunywa, tutampunguzia kidogo kidogo."

Nikamwona Mama anapumua. Mwisho wa yote, tulipewa wote wawili.

Dozi kamili ilifanya ilichoshindwa nusu. Damu ilipungua, ikakoma, na mfuko wa ubavuni sijauvaa mpaka leo. Mimi nikaota mashavu, yake yakashuka, ikafika wiki moja tukalingana kabisa na majirani wakarudi kutuchanganya. Kuli wa Kibirizi hakurudi. Mwenzangu alidai kuwa posa ile ilikuwa ya kwangu, maana uso uliopendwa ulikuwa wa dawa yangu. Nilicheka bila kutaka.

Lakini ugomvi nilikuwa nao bado. Asubuhi moja, tumekaa uani na vidonge vyetu, vyangu vingi, chake kimoja cha mwisho, nikamuuliza.

"Ulijua ni vyangu?"

"Nilijua."

"Uliniona nakwisha. Kwa nini ulimeza?"

Alikizungusha kile kidonge kwenye kiganja.

"Tangu uugue, Mama alilala kwako. Alikuogesha, alikulisha, alikupepea. Akirudi Kibirizi aliingia kwako kwanza, na akitoka kwako alikuwa amechoka hata kuniuliza nimekula. Mimi sikuwa naumwa kitu. Kila asubuhi alikuja uani mara moja, akafungua fundo, akanitia kidonge mdomoni kwa mkono wake. Hiyo ndiyo zamu yangu niliyokuwa nayo. Ningekataaje?"

Akakimeza bila maji. Nilikuwa nimelitamani tumbo lake tangu lilipoanza kunisumbua langu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu mzima wa afya, mwenye mashavu, anakaa uani akilitamani langu.